Mama Miezi Sita

Jumanne ni siku ya kilo. Katika kituo kidogo cha afya mtaani Hewa Bora, wanawake hukaa kwenye mabenchi mawili marefu, watoto mapajani, wakisubiri zamu ya kupimwa. Kwa miaka kumi na tisa, aliyesimama kando ya mizani alikuwa muuguzi mmoja, Mama Albertine, mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti iliyosikika hadi barabarani. Mtaa mzima ulimwita Mama Miezi Sita.

Jina hilo lilitokana na somo alilotoa kila Jumanne kabla ya kupima mtoto wa kwanza. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, hata tone la maji hapana. Baada ya hapo uji na vyakula vingine, lakini mtoto aendelee kunyonya mpaka atimize miaka miwili. Alilisema kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kifaransa kwa ajili ya wale walioona kwamba neno lisilosemwa kwa Kifaransa si neno la daktari. Na aliliamini. Alikuwa ameshapokea watoto walioletwa macho yamezama, ngozi imelegea kama nguo kubwa, kwa sababu ya maji ya kisima na chupa zilizosuuzwa bila kuchemshwa. Wawili walikata roho mikononi mwake. Ukali wake ulianzia hapo, na mwaka hata mwaka ukakomaa, mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba kulikuwa na wakati hakuwa nao.

Akitaka mfano wa kuwatia wanawake moyo, alimtaja binti yake wa pekee, Tracy. Alisema alimnyonyesha miaka miwili mizima, na wakati huo yeye alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi. Kama mwanafunzi aliweza, nani angeshindwa?

Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipoanza, alikuja mwanamke mmoja aitwaye Nafisa, fundi wa cherehani kutoka familia ya Wamaniema waliokaa karibu na msikiti. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne, Alima. Siku hiyo Alima alipowekwa kwenye mizani, sindano ilisimama pale pale ilipokuwa mwezi uliotangulia. Albertine aliuliza mtoto anakula nini. Nafisa akasitasita, akaanza kusema kwamba alikuwa na jambo la kuuliza. Lakini Albertine alishaona shingo ya chupa ikichungulia katika mfuko wake. Akaichomoa, akainyanyua juu ili mabenchi yote mawili yaione.

Hakumtukana. Alieleza tu, kwa sauti yake ileile ya somo, kwamba hiki ndicho kinachoua watoto wa Hewa Bora, na kwamba mama anayemwachisha mtoto wa miezi minne kwa ajili ya cherehani amechagua cherehani. Baadhi ya wanawake walicheka kidogo, wengine wakatazama watoto wao. Nafisa alimfunga Alima mgongoni, akachukua chupa yake na karatasi ya kilo, akaondoka. Jumanne iliyofuata hakuja, wala mwezi uliofuata. Albertine aliandika katika daftari kwamba amepotea, kama alivyoandika kwa wengine, akaendelea na kazi.

Mwezi wa kwanza Tracy alijifungua mtoto wa kiume. Wakampa jina la babu yake mzaa mama, marehemu Anaclet, mume wa Albertine, aliyetoka Kabalo akiwa kijana na kufanya kazi ya reli maisha yake yote. Mume wa Tracy, Osée, alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi mmoja upande wa Likasi, akirudi nyumbani siku chache tu kwa mwezi. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba Tracy akae kwa mama yake mpaka mtoto apate nguvu. Albertine alifurahi kupita kiasi. Alimwonyesha binti yake namna ya kumshika mtoto, namna ya kumgeuza, akampikia uji wa karanga na sombe, majani ya muhogo, ili maziwa yashuke. Kila Jumapili baada ya misa alimning'iniza mjukuu wake kwenye mizani aliyoiazima kituoni, na mstari kwenye karatasi ukapanda vizuri. Jumanne aliwaambia wanawake wa mabenchi habari za mstari huo.

Tracy alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tano. Ruhusa yake ilipokwisha alirudi kazini, na mtoto akabaki mchana na jirani, mama mzima aitwaye Chisanga, ambaye Albertine alimwamini. Tracy alipangiwa kukamua maziwa asubuhi, ayaache kwenye kikombe chenye kifuniko. Albertine aliona kikombe hicho kila asubuhi mezani, kimejaa. Hakuwa na sababu ya kuuliza lolote.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne jokofu la chanjo liliharibika, kituo kikafungwa mapema. Albertine alifika nyumbani saa saba mchana, akamkuta Tracy amerudi, anapika bukari, ugali wa mahindi. Mtoto alikuwa amelala. Albertine akaingia chumbani kutafuta shuka safi katika sanduku la binti yake, na chini ya madaftari ya wanafunzi akakuta mikebe mitatu ya maziwa ya unga. Miwili ilikuwa mitupu. Wa tatu ulibaki nusu.

Alirudi jikoni akiwa ameshika ule wa tatu, akauweka karibu na mbabula, jiko la makaa. Tracy aliutazama, akaendelea kusonga bukari mpaka ilipoiva. Kisha akaipua sufuria, akakaa kwenye kigoda.

Albertine alimuuliza tangu lini. Tracy akasema tangu wiki ya tano alikuwa akiongeza, na tangu wiki ya saba mtoto hanyonyi tena kabisa. Kile kikombe cha asubuhi kilikuwa maziwa ya mkebe, na usiku alimlisha chumbani, mlango umefungwa. Chisanga alijua, akaombwa anyamaze.

Halafu akaeleza, polepole, bila kulia. Chuchu zilipasuka siku ya nne baada ya kuzaa na hazikupona. Kila mtoto alipoomba, yeye aliuma kanga na kuhesabu moja mpaka ishirini, kwa sababu baada ya ishirini maumivu yalipungua kidogo. Mama yake alikuwa akimwambia amshike mtoto vizuri zaidi, naye akajiona mjinga asiyejua kumshika mtoto. Aliporudi shuleni, siku ya tatu, akiwa ubaoni na hesabu za desimali, maziwa yalitoka yenyewe, blauzi ikalowa mbele mpaka kiunoni. Wavulana wa nyuma walianza kulia kama watoto wachanga, na darasa zima la watoto sabini na wawili likawafuata. Mkuu wa shule alikuwa mtu mzuri, hakumkataza kitu. Lakini shule haikuwa na chumba ambamo mwanamke angeweza kufunga mlango dakika kumi. Alijaribu chooni, akashindwa. Matiti yakajaa, yakauma, akapata homa siku mbili. Yakapungua. Alipomrudia mtoto, mtoto alivuta mara mbili tatu, akaona hakuna kitu, akalia na kusukuma titi kwa mikono yake.

Albertine alisikiliza yote hayo, na katika kila hatua alijua dawa yake. Angeweza kumtazama mtoto anavyoshika na kurekebisha, badala ya kusema tu. Angeweza kwenda kuongea na mkuu wa shule. Angeweza kukanda matiti yale kwa maji ya moto. Yote hayo aliyafanya kwa wanawake wengine, na nyumbani mwake hakufanya hata moja, kwa sababu hakujua kwamba kuna tatizo.

"Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza.

Tracy alifuta mikono kwenye kitenge. "Nilikuwa na haya, Mama. Bantu bengine, hapana. Haya ya weye. Weye njo Mama Miezi Sita. Ningekuambia miye mutoto yako nimeshindwa wiki saba, weye uko na mufano wako wa miaka mbili, ungenitazama namna gani?"

Albertine alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba palipoanikwa nguo za mtoto. Alikaa pale muda mrefu, akijaribu kumkasirikia Chisanga, akashindwa.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na miaka miwili. Tracy alipozaliwa, Albertine alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mwaka wa pili wa shule ya uuguzi, na shule ilisema arudi bwenini au apoteze mwaka. Alimwacha mtoto wa miezi mitatu kwa mama yake. Siku ya kwanza bwenini alijifunga kifua kwa kitenge, akakaza mpaka akashindwa kupumua vizuri, na akakaa hivyo wiki nzima darasani huku wakifundishwa lishe ya mtoto mchanga. Mama yake alimlea Tracy kwa uji mwepesi wa mahindi na maziwa ya kununua, na Tracy aliugua tumbo mara nyingi mwaka huo. Siku moja, akiwa muuguzi mpya kituoni, mwanamke mmoja alimuuliza yeye alinyonyesha muda gani, na kabla hajafikiri akasema miaka miwili. Neno likishatoka halirudi kirahisi. Alilirudia Jumanne hata Jumanne, mpaka picha yenyewe ikamjia kichwani, yeye amekaa mlangoni, Tracy anayetembea akija kunyonya, kama jambo lililotokea kweli.

Aliporudi ndani alimwambia Tracy yote. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani. Alianza na shule, akaishia na kitenge. Tracy alimsikiliza akimkazia macho.

"Na miye nilikuwa nafikiri ni miye njo wa kwanza kushindwa mu jamaa," alisema mwishoni. Kisha akapakua bukari, wakala.

Hawakusemezana sana siku hizo, lakini hawakuwa na ugomvi. Albertine alijaribu kumsaidia arudishe maziwa. Wakamweka mtoto kifuani mara nyingi, wakakanda, wakakamua, Tracy akanywa uji mpaka akauchoka. Yalirudi kidogo, ya kumtuliza mtoto asubuhi na jioni tu. Yaliyobaki yalitoka kwenye mkebe. Albertine akamfundisha Tracy na Chisanga kuchemsha maji, kupima unga bila kuupunguza, na kutumia kikombe badala ya chupa, kwa kuwa kikombe husafishika. Alishangaa jinsi alivyoyajua mambo hayo vizuri na kamwe hakuwahi kuyafundisha kituoni. Aliogopa kwamba akiyafundisha, wanawake watadhani ameruhusu.

Ni katika siku hizo ndipo Nafisa alipomrudia akilini. Alifungua daftari, akahesabu. Alima alikuwa ameshafikisha miezi kumi na hakuwa amepata chanjo ya surua, nayo surua ilikuwa imeanza kusikika upande wa Annexe, pembezoni mwa mji. Jioni akapita karibu na msikiti, akaambiwa kwamba Nafisa na mumewe Souleymane walihamia Annexe, kwenye kiwanja chao wenyewe, nyumba haijaisha lakini wanakaa.

Jumamosi alipanda pikipiki kwenda huko. Dereva alimshusha mahali barabara ilipogeuka kuwa mashamba ya mahindi yaliyokauka, akaelekezwa na wanawake waliokuwa wakichuma mchicha wa lenga-lenga. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, upande mmoja una bati na mwingine bado. Mbele yake, chini ya turubai, Nafisa alikuwa akishona sare za shule. Alima alikaa kwenye mkeka, mwembamba lakini mchangamfu, akipiga kifuniko cha sufuria.

Nafisa alimtambua. Alimpa kiti, kwa kuwa mgeni hupewa kiti, kisha akaendelea kukanyaga cherehani. Albertine alisema amekuja kwa sababu ya chanjo. Nafisa akasema amesikia. Albertine akasema amekuja pia kuomba radhi kwa siku ile ya chupa. Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa mshono, Nafisa akakata uzi kwa meno.

"Weye unayua juu ya nini nilikuya ile siku?" aliuliza.

Albertine akasema hajui.

"Titi ya kushoto ilifanya jipu. Bakaipasua mara mbili. Pale balipoipasua baliniambia nisinyonyeshe na ile, na mama ya bwana yangu akasema ile uchafu inapita ndani, inaenda ku titi ingine. Miye sikuamini. Nilikuwa nampa mutoto ile ya kuume, kidogo kidogo, na woga. Nilikuya kukuuliza weye, juu weye unayua. Ile titi moja yenye habakuipasua, ninaweza kuendelea? Njo swali nilikuwa nayo." Alinyoosha kitambaa juu ya goti. "Weye ukachukua biberon, ukaionyesha bantu. Nikafika ku nyumba, nikaacha yote."

Alima aliangusha kifuniko, akakiokota tena. Nafisa akamtazama Albertine kwa mara ya kwanza.

"Sasa niambie. Kama ungeniacha niulize, ungenijibu nini?"

Albertine angeweza kusema kwamba inategemea, kwamba ni daktari aliyepaswa kuamua. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka na maneno yaliyo tayari.

"Ningekujibu ndiyo," alisema. "Titi moja inatosha mutoto. Uchafu haipiti. Hata ile ya kushoto, ikipona, angeweza kuirudilia. Ningekuambia ile siku yenyewe."

Nafisa aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Baadaye alimchukua Alima, akamweka mapajani, akamfuta makamasi kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, zaidi ya ilivyohitajika. Albertine alikaa. Hakujua kama anatakiwa aondoke, na akaona kwamba kuondoka kungekuwa kumwachia mwenzake mzigo peke yake. Alikaa mpaka jua lilipovuka turubai na Souleymane akarudi na mitungi ya maji kwenye baiskeli, akawasalimu wote wawili bila kuuliza kitu.

Alipoaga, alimwambia Nafisa siku za chanjo katika kituo cha Annexe, ili asilazimike kurudi Hewa Bora. Nafisa akaitikia kwa kichwa.

Jumanne iliyofuata mabenchi yalijaa kama kawaida. Albertine alitoa somo lake, miezi sita na miaka miwili, kwa kuwa somo lenyewe lilikuwa sahihi na halikubadilika. Alipofika mahali pa mfano, akakaa. Hakuwa na desturi ya kukaa. Aliwaambia kwamba aliwadanganya miaka yote. Kwamba binti yake alinyonya miezi mitatu tu, na akaeleza sababu. Halafu akawauliza, yule aliyeacha mapema, au anayetaka kuacha, kilichomtokea ni nini.

Wanawake walidhani ni mtego. Kisha mmoja, aliyekuwa akiuza samaki katika soko la mtaa uitwao Kenya, akasema mtoto wake alilia kila saa, jamaa wote wakasema maziwa yako ni maji matupu, akaamini. Mwingine akacheka na kusema ni hivyo hivyo kwake. Mwingine alifukuzwa kazi ya ndani kwa sababu ya kwenda kunyonyesha. Binti mmoja mdogo alisema alirudi shule, akasema kwa sauti ndogo sana hivi kwamba ilibidi jirani yake arudie. Mazungumzo yakawa mengi, yakaingiliana, watoto wakalia, na mizani ikasubiri hadi karibu saa sita. Mwishoni kabisa, wakati wengine wanafunga mizigo yao, mwanamke aitwaye Chilufya alimsogelea Albertine kando. Alikuwa na mtoto wa miezi saba na mimba ya miezi miwili. Wifi zake walimwambia maziwa ya mwenye mimba ni sumu kwa mtoto, naye alipanga kuacha Ijumaa hiyo. Albertine alimpeleka chumba cha ndani, akamkalisha, akamwacha aulize mpaka akamaliza.

Chilufya hakuacha Ijumaa hiyo. Aliendelea miezi mitatu zaidi, kisha akaacha mwenyewe alipochoka, na Albertine aliandika hivyo kwenye karatasi yake, bila neno la pembeni.

Mkuu wa kituo, Godefroid, alilalamika kwamba siku ya kilo sasa inakula mchana wote. Wakagawana kazi: mtu mwingine anapima, Albertine anaongea na kina mama mmoja mmoja, mlango umefungwa. Waliopotea katika daftari aliwatafuta nyumbani, Jumamosi moja kwa mwezi. Wengine walimpokea, wengine walimwambia wana shughuli.

Nafisa hakurudi Hewa Bora. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea, muuguzi wa kituo cha Annexe alimwambia Albertine kwenye mkutano kwamba mtoto Alima wa fundi wa cherehani amechanjwa surua, kilo zake si mbaya. Nafisa hakutuma salamu, na Albertine hakuzitegemea.

Anaclet alitimiza mwaka mmoja siku za mvua, akaanza kutembea akishika kuta. Tracy alikuwa ameshahamia kwake, lakini Jumanne moja shule ilipofungwa alimleta mwenyewe kituoni. Akakaa kwenye benchi kama wengine. Mwanamke aliyeketi kando yake, mwenye mtoto wa wiki tatu na uso wa mtu asiyelala, alimuuliza yule mtoto mzuri alinyonya muda gani.

"Wiki saba tu," Tracy alijibu. "Kisha kidogo kidogo. Iliniuma sana. Weye inakuuma?"

Mwanamke akasema ndiyo. Tracy akamwita mama yake.